Ngoma Iliyojipiga Yenyewe

Sajenti Nyanjige alipofika ghalani Jumamosi ile asubuhi, foleni ilikuwa imekwisha kuzunguka ukuta mpaka upande wa choo, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya polisi. Walikuja kuona mashine. Kina mama walikuwa na watoto mgongoni, wazee wamevaa makoti ya sikukuu, na muuza karanga mmoja alikuwa amejiwekea kituo mlangoni kabisa, akimwambia kila anayeingia kwamba leo ngoma haipo, lakini mabawa yapo.

Ghala lenyewe lilikuwa la chama cha msingi. Miaka yote, msimu kama ule, lingekuwa limejaa pamba hadi kwenye mabati. Lakini mwaka ule serikali ilikuwa imewaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua pamba, nao walikuja na malori na mizani yao wakaichukua kule kule kijijini kwa mkulima. Ghala la Bariadi likabaki tupu, na chama kikaona afadhali kulikodisha kuliko kufuga popo.

Aliyelikodi ni mwalimu Josia, kijana mwembamba kutoka shule moja ya ufundi ya misheni kule Mwanza. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamechonga mashine za mbao kwa kufuata michoro ya Leonardo wa Vinci, Mtaliano aliyeishi zamani sana, miaka kama mia tano imepita, na aliyewaza kuruka angani wakati wenzake bado wanawaza namna ya kuvuka mto. Siku ya kwanza, Ijumaa, mji wote ulimiminika. Jumamosi asubuhi Josia alifungua ghala akakuta mashine moja haipo, akakimbilia kituoni bila kunywa chai.

Mpaka saa ile mtu mmoja alikuwa mahabusu: mzee Machibya, mlinzi wa ghala. Mlango haukuvunjwa, ufunguo alikuwa nao yeye, basi mkuu wa kituo, Inspekta Maganga, akaona hesabu imekwisha. Alichomwambia Nyanjige ni kwamba mashine ikirudi na mwalimu akafuta malalamiko yake, mzee aende zake. Isiporudi, Jumatatu ni mahakamani. Lililokuwa baya ni kwamba siku hiyo hiyo, mchana, ng'ombe wa mahari ya Joyness, binti wa Machibya, walikuwa wanaingia nyumbani kwake Somanda. Kwa ukoo wao ng'ombe wa namna hiyo huwa hawapokelewi na baba mdogo wala mjomba ilhali baba mzazi anapumua. Wakikosa mtu wa kuwapokea, wanageuzwa walikotoka, na bwana harusi pamoja nao.

Kwa hiyo Nyanjige alikuwa na asubuhi moja tu, na aliianza kwa kumwambia Josia amtembeze kama anavyowatembeza wageni wengine.

Josia alishangaa kidogo, akamtembeza. Alimwonyesha mabawa makubwa ya kitambaa yaliyoning'inizwa kwenye boriti, yakifunguka na kufunga mtu akikanyaga kanyagio. Alimwonyesha daraja la magogo lisilo na msumari hata mmoja, linalozidi kukaza kadiri unavyolikanyaga; watoto walikuwa wanalipanda kwa zamu na bibi mmoja akadai zamu yake pia, akavuka, akarudi, akavuka tena. Palikuwa na bomba la kuzungusha linalopandisha maji, na gari la vita lenye gamba kama la kobe, ambalo wazee waliliinamia wakachungulia ndani na kuulizana dereva anakaa wapi. Nyanjige naye alichungulia. Akatamani kukanyaga kanyagio la mabawa, akakanyaga.

"Na iliyopotea?" akauliza, mabawa yakiwa bado yanapepea juu ya kofia yake.

Josia alieleza kwa mikono. Ilikuwa ngoma juu ya kigari. Magurudumu ya kigari yameungwa na meno ya mbao, meno yanazungusha mapipa yaliyopigiliwa vijiti, kila kijiti kinanyanyua fimbo na kuiachia, na fimbo inaanguka juu ya ngozi. Ukivuta kigari ngoma inalia yenyewe. Ukikimbia, nayo inakimbia. Ukisimama, inanyamaza. Jana watu waliisikiliza hiyo kuliko zote, na wengine waliifuata ghala zima kama ng'ombe wanaofuata chumvi.

Kila jioni mashine zilifunikwa mashuka ya marekani. Asubuhi Josia alifunua shuka la mwisho, lile la pembeni, akakuta chini yake ngoma kuukuu ya kawaida, ya kupigwa kwa mikono, imewekwa ili shuka lionekane limebeba kitu. Hapo akasimulia kwa uchungu zaidi, maana aliona amechezewa.

Konstebo Mwandu, aliyekuwa akilinda pembe hiyo, alikuwa ameirudishia ngoma hiyo shuka lake na kusimama mbali nayo. Alisema haikuwa woga. Ni kwamba ngoma za watu zina mambo yake, na yeye ana watoto wadogo.

Nyanjige hakuigusa kwa wakati huo. Alichuchumaa akatazama sakafu. Upande ule, karibu na mlango wa nyuma uliokuwa wa kupakilia pamba, saruji ilikuwa imekwisha na kubaki udongo mwekundu ulioshindiliwa, na juu yake vumbi jepesi lenye nyuzi za pamba za misimu iliyopita. Alama za magurudumu mawili zilitoka kwenye pembe mpaka kwenye mlango ule. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la mti kwa ndani, na Josia aliapa asubuhi alilikuta limekaa vile vile.

"Sasa angalia na hizi," Nyanjige akasema, akanyoosha kidole.

Juu ya alama za magurudumu ilipita mistari myembamba, mingi, iliyopinda kwa pamoja kama nywele zilizochanwa. Mistari ilikata alama za magurudumu. Alama za magurudumu hazikukata mstari hata mmoja. Josia alisema hiyo ni alama ya ufagio tu. Nyanjige akamjibu kwamba ndiyo, ni ya ufagio tu, akajipangusa magoti na kwenda kituoni kwa miguu.

Machibya alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu amevaa shati jeupe lililonyooshwa, la kupokelea wakwe. Mkewe alikuwa amemletea uji na ameondoka kwenda kuwakawiza wageni kwa maneno.

"Mwangaluka, baba," Nyanjige akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" mzee akaitikia, akimwita mama na kumuuliza kama ni salama.

"Mhola. Jana ulifagia saa ngapi?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mbuzi wake. Alisema alifagia kama kila siku: watu wakitoka, anaweka komeo mlango wa nyuma, anafagia kuanzia huko kuja mbele, anatoka, anafunga kufuli la mlango wa mbele, anakaa nje na rungu lake mpaka asubuhi. Jana giza lilikuwa limeanza kuingia, akafagia kwa mazoea. Mashine zilikuwa tayari zimefunikwa. Alidhani mwalimu amefunika. Baada ya hapo hakuingia tena.

Nyanjige alienda kwa Inspekta Maganga na kumweleza. Ufagio ulipita juu ya alama za magurudumu, maana yake kigari kilitoka kabla mzee hajafagia. Mzee hufagia kabla ya kufunga. Basi kigari kilitoka mchana kweupe, milango ikiwa wazi na watu wamejaa, na ufunguo wa mzee hauhusiki na jambo hili kuliko ufunguo wa nyumba ya Inspekta mwenyewe.

Inspekta alikuna kidevu. Hakukataa. Lakini alisema mwenye mali analalamika na mali haipo, na yeye hawezi kufungua mlango kwa sababu ya ufagio.

"Niletee mashine," akasema. "Ufagio ninao hapa."

Josia alikuwa na mtu wake wa kumshuku, na alilisema jina hilo mara nyingi sana hata Nyanjige akaona amtoe njiani kwanza. Ni Salu, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Lamadi. Ijumaa alikizunguka kigari muda mrefu, akapima magurudumu yake kwa kamba, akamuuliza Josia kama anakiuza. Alipoambiwa hakiuzwi alicheka na kusema kila kitu siku hizi kinauzwa, hata hewa kwenye magurudumu ya baiskeli.

Walimkuta sokoni nyuma ya magunia yake. Kando yake, chini ya turubai, palikuwa na kitu chenye magurudumu mawili. Mwandu akaweka mkono kwenye pingu. Nyanjige aliinua turubai akaona mkokoteni mpya, mbao bado zinanuka randa, magurudumu yametengenezwa kwa mtindo ule ule wa Mtaliano, na juu yake magunia ya dagaa.

Salu alijieleza bila haraka. Alipokataliwa kuuziwa, alikwenda na kamba yake kwa fundi seremala usiku ule ule, wakakesha. Fundi yupo, aulizwe. Halafu akamgeukia Josia na kumuuliza kama huyo mzee wa Vinci ana mchoro wa kitu cha kuzuia nzi, maana angeununua leo leo. Josia alitaka kukasirika, akashindwa. Alipiga magoti akaanza kukagua jinsi mhimili ulivyoungwa, akamwambia Salu ameweka msumari pasipostahili. Nyanjige alimwinua kwa kola. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mabati ya soko, na ng'ombe wa Joyness, popote walipokuwa, walikuwa wanatembea.

Walirudi ghalani. Safari hii Nyanjige alivuta shuka na kuibeba ile ngoma kuukuu mpaka mlangoni, penye mwanga. Mwandu alirudi nyuma, watu wa foleni wakasogea mbele.

Ilikuwa kuukuu kweli, lakini haikuwa imetupwa. Ngozi ilikuwa imepakwa mafuta, bado yananata kidoleni. Katikati ya ngozi palibandikwa nta laini ya nyuki, kama wapigaji wanavyofanya wakitaka sauti itulie. Kamba zilikuwa zimekazwa upya, na ndani ya kamba, upande wa kushikia, ilichomekwa miiba ya nungunungu, myeusi kwa myeupe, iliyopangwa kwa unadhifu.

Nyanjige alikaa juu ya kizingiti. Mjomba wake alikuwa mcheza ngoma, na utoto wake nusu aliupitisha akiwashikia watu makoti yao viwanjani.

"Mwalimu," akasema, "ungetaka kunidanganya kwamba chini ya shuka kuna kitu, ungeweka nini?"

Josia alisema gunia. Gunia la pumba, hata la taka.

"Basi. Huyu ameweka ngoma ya kikundi, imepakwa mafuta jana, imekazwa kwa ajili ya kupigwa leo. Ngoma kama hii haiachwi hata kwa mke. Hakuiacha ikudanganye. Ameiweka rehani."

Akamweleza. Wacheza ngoma wa pande za Migato wana desturi yao: kikundi kikikwama, ngoma ikipasuka siku ya mashindano, mtu anakwenda kuazima kwa manju mwingine, yaani kiongozi wa ngoma, na anaacha ya kwake palepale ilipokuwa ile anayochukua, katika hali nzuri, ili mwenyewe asikae bila ngoma. Hakuna maneno mengi. Ngoma yenyewe inasema nani amechukua, maana kila kikundi kina alama yake. Miiba hii ni ya wacheza nungunungu, wale wanaocheza ngoma na mnyama huyo hai, na wacheza nungunungu wenye kuipanga hivi ni wa manju Nkwabi wa Migato. Leo Nkwabi ana shindano na wacheza nyoka, ambao miaka miwili mfululizo wamemnyang'anya watazamaji, na katika shindano lile mshindi ni yule mwenye watu wengi upande wake jua likielekea kuzama. Hakuna kombe wala jaji mwingine.

Josia alisema, kwa sauti ya mtu anayeanza kukumbuka, kwamba yeye si manju.

"Una ngoma, una umati, unasimama katikati unasema," Nyanjige akamjibu. "Hapa kwetu wewe ni manju."

Walipanda pikapu ya maonyesho, Josia akiendesha, Nyanjige mbele, Mwandu nyuma pamoja na ile ngoma, akiwa amejibana pembe ya mbali nayo kabisa. Vumbi la njia ya Migato liliwapaka wote rangi moja.

Walianza kuusikia uwanja kabla ya kuuona. Halafu wakaona. Upande mmoja wacheza nyoka walikuwa wamesimama na chatu wao mzuri, mnene, anayeng'aa, na hakuna anayemtazama isipokuwa wazee kadhaa waliokuwa ndugu za manju wao. Umati wote ulikuwa upande wa pili. Katikati yao vijana wawili waliofunga njuga miguuni walikuwa wanavuta kigari mbio kuzunguka duara, na ngoma ilikuwa inalia peke yake, fimbo zikipanda na kushuka bila mkono wa mtu. Watu walipiga vigelegele, wakakimbia nyuma yake, wakaanguka, wakainuka. Mbele alicheza Nkwabi, mtu mfupi mwenye kitambi, na nungunungu kwenye kamba aliyekuwa akimfuata kwa mwendo wa mtu aliyezoea kutazamwa.

Josia alishuka akasimama. Mashine ile alikuwa ameiona ikivutwa taratibu ghalani, kwa heshima, kwa maelezo. Hakuwahi kuiona ikikimbia. Alisahau kufunga mlango wa gari.

Nyanjige alimwita Nkwabi pembeni. Alikuja akihema, akamsalimu vizuri, akamuuliza habari za mjomba wake.

"Mjomba mzima. Manju, umechukua mali ya mwalimu huyu."

"Nimeazima, mayu. Ya kwangu hamkuikuta?"

"Tumeikuta. Ulimwomba?"

Nkwabi alimtazama Josia kwa mshangao wa kweli. Alisema jana alisimama palepale akamsikia mwalimu akiwaambia watu wote kwamba kazi hizi ni urithi wa wanadamu wote, wala si za mtu mmoja. Baada ya maneno hayo mbele ya umati, kumwomba tena mtu ruhusa yake ingekuwa kumwonyesha kwamba hukumwamini. Walimsubiri mzee aanze kuwatoa watu, vijana wakazifunga fimbo ili ngoma isilie, wakakisukuma kigari kwa mlango wa nyuma, wakasaidiwa na wageni wengine waliodhani ni wafanyakazi, nao wakaifunika ya kwao vizuri isipate vumbi.

"Nilisema hivyo," Josia akakiri taratibu. "Ndivyo ninavyosema kila mji."

Nyanjige akamweleza Nkwabi habari za Machibya. Uso wa manju ulibadilika. Alikuwa anamfahamu mzee, walishachunga pamoja. Lakini aligeuka kutazama umati, akatazama upande wa nyoka, na hakuweza kuficha kinachomkaba. Kigari kikisimama sasa, watu watavuka kwenda kwa chatu, na mwaka wa tatu umekwenda. Vijana wake walikuwa wamekwisha kuacha kuvuta, wamesikiliza, na ngoma ilikuwa imenyamaza. Tayari wachache walikuwa wanageuza shingo.

Mwandu alishauri kwa sauti ya chini kwamba afande atoe amri, wapakie, waondoke. Nyanjige alitazama umati ule, akaona polisi wawili na mwalimu mmoja wangeondoka vipi na kigari hicho mikononi.

"Mwalimu, hiki kigari kinaweza kufungwa nyuma ya gari?"

"Kwa mwendo wa mtu anayetembea, ndiyo. Zaidi ya hapo meno yatakatika."

"Kinalia?"

Josia alianza kucheka kabla hajajibu.

Wakakifunga kwa kamba nyuma ya pikapu. Nkwabi na nungunungu wake wakapanda juu, na Mwandu, baada ya kuombwa mara mbili, akamkabidhi Nkwabi ngoma yake kuukuu kwa ncha za vidole. Josia akatia gia ya kwanza, gari likaanza kutambaa, na ngoma ya Mtaliano ikaanza kulia. Nkwabi aliiachia iende kidogo, akaisikiliza, kisha akaingiza mikono yake juu ya ngozi yenye nta, akaijibu. Hapo ndipo uwanja mzima ulipohama. Umati ulifuata pikapu kuelekea njia ya Bariadi, watu wa nyoka wakafuata umati, na mwisho hata mwenye chatu alimfungia kapuni, akamweka kichwani na kukimbia naye asipitwe. Manju wa nyoka alifika dirishani kwa Nyanjige akilalamika kwamba serikali imeingia upande mmoja. Nyanjige akamwambia serikali inapeleka kielelezo kituoni, na kama anataka kusaidia asukume. Alisukuma, huku akisema kwamba mwakani atakwenda ghalani yeye mwenyewe kuazima yale mabawa.

Kwenye mto mkavu wa mwisho wa kijiji walisimama. Wazee wa uwanja walitazama nyuma, uwanjani hapakuwa na mtu. Wakatazama mbele, wakasema hakuna haja ya kungoja jua lizame, imekwisha, Nkwabi ameshinda. Kigari kikapakiwa kwenye pikapu kwa mikono mingi, na Josia akakanyaga mafuta.

Inspekta Maganga alikizunguka kigari uani mwa kituo, akamwambia Mwandu akivute kidogo, akamwambia akivute tena. Josia aliandika kwamba hana malalamiko, na Nkwabi akasimama mbele ya benchi la mahabusu kumwomba radhi Machibya kwa magoti yote mawili. Mzee alimwinua, akasema maneno mengine wataongea siku nyingine, sasa ana wageni.

Somanda walikuta ng'ombe wamesimama njiani nje ya boma, na wakwe wamesimama kando yao, wamechoka kungoja. Mke wa Machibya alikuwa ameongea tangu mchana mpaka sauti imemkauka. Alikuwa amewaeleza habari za mvua, za bei ya pamba, za kila mtoto aliyezaliwa mtaani. Mwenye kuongoza wakwe alikuwa tayari ameshika fimbo, ameigeuza kuelekea walikotoka. Bwana harusi, kijana mrefu, alikuwa akitazama viatu vyake. Joyness alikuwa mlangoni, hajafunga kitambaa chake cha kichwani cha kupokelea wakwe, amekishika tu.

Machibya alishuka garini. Hakukimbia. Alijikung'uta vumbi la gari kwenye shati lake jeupe, likabaki na rangi ya njia, akasalimia mmoja mmoja kwa ukoo na kwa mji, akauliza habari za waliobaki nyumbani, na za mifugo iliyobaki. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi, maana polisi walioshuka naye na nungunungu aliyechungulia juu ya bodi ya pikapu waliwafanya wakwe waamue kuwa huyu si mtu wa kuulizwa.

Akaomba fimbo. Akaingia katikati ya ng'ombe, akawapapasa migongo, akawafunua midomo, akawatembeza mmoja mmoja, na alichukua muda wake wote kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Wakwe walianza kujifuta jasho. Nyanjige alikuwa ameegemea uzio, kofia mkononi.

Mzee alisimama mbele ya mtamba mmoja mwekundu. Alimtazama kwa muda mrefu, akamzunguka, akamtazama tena.

"Huyu anachechemea," akasema. "Mtamleta mwingine kesho. Hawa wengine fungueni boma waingie."

Joyness akakifunga kitambaa.